Nani Ametia Saini? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Ufuatiliaji wa Mtandao na Faragha

Maswali yaliyofika kwenye safu hii kutoka Mbeya, Iringa na Njombe yamekuwa yakizunguka jambo moja: Serikali inaona nini tunapotumia simu na intaneti, na sheria inampa nani ruhusa ya kutazama. Nimechagua sita. Majina ya walioandika nimeyahifadhi.

SWALI: Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Uyole. Tuna kundi la WhatsApp la kutangaziana michango, mikopo na misiba. Mwenzetu mmoja amejitoa akisema Serikali inasoma kila tunachoandika, na wengine wawili sasa wanaandika kwa mafumbo hadi hesabu za kikoba hazieleweki. Naomba ukweli ili nijue cha kuwaambia. *Katibu, Uyole, Mbeya.*

JIBU: Mama Katibu, ukweli una sehemu mbili, na wenzako wameogopa sehemu ambayo siyo.

Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka, ndani ya simu ya anayetuma na hufumbuliwa ndani ya simu ya anayepokea tu. Ukituma tangazo la msiba kutoka Uyole, ujumbe huo hupanda mnara wa kampuni yako ya simu na kuingia kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya kuu za mawasiliano za nchi, ambao Mbeya ni njia panda yake, kwa kuwa kutoka hapa unakwenda Tunduma kuunganishwa na Zambia na Kasumulu kuunganishwa na Malawi. Husafiri hadi Dar es Salaam, hupita kwenye nyaya za chini ya bahari kama SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, au EASSy ya mwaka 2010, hufika nje ya nchi kwenye kompyuta za Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, kisha hurudi kwa mama mwenzako aliyeketi nyumba ya tatu kutoka kwako. Katika safari yote hiyo, anayekaa njiani huona bahasha iliyofungwa. Hawezi kusoma barua iliyo ndani.

Lakini bahasha yenyewe ina maelezo, na hapa ndipo penye sehemu ya pili. Kampuni ya simu inajua laini yako ilikuwa chini ya mnara upi, saa ngapi ulikuwa mtandaoni na ulitumia data kiasi gani. Kwa simu za kawaida na SMS inajua zaidi: ulimpigia nani, mliongea kwa muda gani, na SMS haina usimbaji wa aina ile ya WhatsApp. Mwaka 2013 Edward Snowden alipofichua kazi za shirika la ujasusi la Marekani, NSA, habari ya kwanza kabisa kuchapishwa haikuhusu kusikiliza maongezi. Ilihusu orodha za simu, yaani nani kampigia nani na lini, za mamilioni ya wateja wa kampuni ya Verizon. Mtu mwenye orodha kama hiyo anaweza kujua maisha yako bila kusikia neno hata moja ulilosema.

Wapo pia wanaoutaja mtambo wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) uliowekwa mwaka 2013 kuwa ndio sikio la Serikali. Kwa maelezo ya Mamlaka hiyo, mtambo ule ulijengwa kuhesabu mawasiliano yanayopita, hasa simu za kimataifa, ili mapato yajulikane na ulaghai ubainike, na wala haukukusudiwa kusikiliza mazungumzo.

Waambie wenzako kwamba siri za makundi kama lenu huvuja kwa njia nyepesi kuliko hizo zote. Mwanachama hupiga skrinishoti na kumtumia shemeji yake. Simu hukamatwa ikiwa haina namba ya siri. Simu ya mmoja huwa imeunganishwa na kompyuta ya ofisini ikasahaulika wazi. Njia nyingine ni nakala ya akiba inayohifadhiwa Google Drive au iCloud, ambayo haisimbwi mpaka mwenyewe uiwashie ulinzi huo katika mipangilio, na nafasi hiyo imekuwapo tangu mwaka 2021. Kila mwanachama aiwashe, kisha nanyi mrudi kuandika hesabu zenu kwa lugha inayoeleweka.

SWALI: Ninaendesha bodaboda, kijiwe changu kipo Mwanjelwa. Askari alinisimamisha, akaichukua simu yangu, akataka nimpe namba ya siri ili aangalie picha na makundi niliyomo. Nilimpa kwa kuogopa. Je, alikuwa na haki hiyo? *Dereva, Mbeya mjini.*

JIBU: Ndugu yangu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 31 kama ilivyopitishwa, inampa mamlaka ya kuidhinisha upekuzi na ukamataji wa vifaa vya kompyuta, simu ikiwamo, mkuu wa kituo cha polisi au afisa wa cheo kinacholingana naye, tena pale anapokuwa na sababu za msingi za kushuku kosa. Askari wa barabarani aliyesimama peke yake bila idhini hiyo hawezi kuitegemea sheria hii kupekua makundi yako.

Siku nyingine ikitokea, usishindane naye. Muulize kwa heshima jina lake, kituo chake, na kama mkuu wa kituo ameidhinisha. Simu ikichukuliwa, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mali iliyokamatwa itolewe stakabadhi yenye saini. Iombe, hata kama itaandikwa juu ya kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari.

SWALI: Nina kafe ndogo ya intaneti maeneo ya Miyomboni. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoomba mikopo na ajira. Mwezi uliopita alikuja mtu aliyejitambulisha kuwa ni afisa, akataka daftari la wateja lote na picha za kamera za wiki nzima. Hakuwa na barua. Nilimpa. Tangu siku hiyo sina amani. Nilipaswa kufanya nini? *Mwenye kafe, Iringa.*

JIBU: Swali lako ndilo lililonifanya niitoe safu hii nzima kwa jambo hili, kwa sababu limegusa mahali ambapo sheria yetu ina pengo.

Tuanze na daftari lenyewe. Hukuliweka kwa kupenda. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, na zile za 2020 zilizochukua nafasi yake, zilimtaka mwenye kafe ya intaneti aweke kamera ya kurekodi yanayofanyika ndani, amwandikishe kila mteja kwa kitambulisho kinachotambulika, na avitunze picha na daftari hilo kwa miezi 12. Kwa hiyo juu ya meza yako lipo daftari la mistari linaloonyesha kwamba binti fulani, mwenye namba fulani ya kitambulisho cha taifa (NIDA), aliketi kompyuta ya nne kuanzia saa nane hadi saa tisa alasiri, na juu ya mlango ipo kamera inayothibitisha. Ni kumbukumbu ambayo polisi wa miaka ya nyuma wangehitaji watu wengi kuikusanya. Leo unaikusanya wewe, kwa gharama yako.

Sasa nani anaweza kuidai? Kifungu cha 32 cha ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinasema kwamba data ikihitajika kwa upelelezi wa jinai au mashtaka, mkuu wa kituo cha polisi au afisa wa cheo kinacholingana anaweza kutoa amri kwa yeyote aliyenayo aitoe. Hakimu hahusiki katika hatua hiyo. Afisa huenda mahakamani pale tu mwenye data anapokataa, au inapoonekana kwamba data haitapatikana bila kutumia nguvu. Linganisha na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Huko, afisa wa polisi anayetaka kunasa mawasiliano ya mtu anayeshukiwa kwa ugaidi lazima kwanza apate kibali cha maandishi cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aende mahakamani kuomba amri. Yaani katika kosa zito kuliko yote Bunge liliona busara kuweka saini mbili nje ya kituo cha polisi, na katika makosa ya mtandao, ambayo mengine ni ya maneno tu, likaona inatosha saini moja ya mtu aliye ndani ya kituo hicho hicho kinachopeleleza. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado sijaona hoja inayoweza kulitetea.

Suala hili lilishapelekwa mahakamani. Kampuni inayoendesha JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016 kupinga vifungu vya 32 na 38 vya sheria hiyo ya makosa ya mtandao kwamba vinakiuka Katiba, na mwaka 2017 ombi hilo likakataliwa. Katikati ya hayo, Desemba 2016, mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa kwa kuzuia upelelezi baada ya kutokutoa taarifa za watumiaji wanaoandika bila kutaja majina yao. Nakutajia hili ili ujue kwamba kukataa amri halali kuna gharama, na sikushauri ukatae. Nakushauri uhakikishe kwanza kwamba amri ipo.

Mtu aliyekuja kwako hakuwa na barua, hukuona saini ya mkuu wa kituo, na hakukuambia ni kosa gani linapelelezwa wala ni mteja yupi anatafutwa. Kwa hali hiyo hukuwa na wajibu wa kumpa chochote, na daftari zima la wiki nzima lisingetolewa hata kama barua ingekuwapo ikimtaja mtu mmoja. Ibara ya 16 ya Katiba inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa maisha yake binafsi na kwa mawasiliano yake ya binafsi, na inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Ombi la mdomo la daftari zima halina utaratibu wala kiasi.

Siku atakaporudi, mkaribishe kiti, omba kitambulisho chake, omba amri ya maandishi, na uandike mwenyewe jina, cheo, kituo, tarehe na saa. Toa kilichotajwa katika amri tu, kwa nakala, na daftari lenyewe libaki kwako. Miezi 12 ikipita, teketeza kurasa zilizopitwa na muda.

Mkipata nafasi ya kumsikiliza mbunge wenu, mwulizeni jambo moja bila kuzunguka: kwa nini kifungu cha 32 kisibadilishwe ili amri isainiwe na hakimu? Mahakama za wilaya zipo Iringa, Mafinga, Kilolo, Njombe na Rungwe. Hakimu hayuko mbali.

SWALI: Ninanunua parachichi Njombe na kuwauzia wasafirishaji wa nje. Mawasiliano yangu mengi ni ya mtandao. Nimewekewa VPN na kijana wangu, nami nasikia ni kosa la jinai. Je, ni kweli? *Mfanyabiashara, Njombe.*

JIBU: VPN ni programu inayopitisha mawasiliano yako ya intaneti ndani ya njia iliyofungwa, hadi kwenye kompyuta ya mwenye VPN. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinamkataza mtu kutoa, kuwa nayo au kusambaza teknolojia inayomwezesha mtumiaji kufikia maudhui yaliyokatazwa. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwa umma ikiwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, kabla ya tarehe 30 Oktoba mwaka huo, na ikakumbusha kwamba adhabu ya kukiuka kanuni ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kama VPN yako ni ya kazi, iandikishe. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, na huko unaweza kupeleka swali lako kwa maandishi.

Maoni yangu ni kwamba kanuni hii imechanganya kifaa na kosa. Benki zinatumia VPN, mashirika yanatumia, na mfanyabiashara anayefungua akaunti yake kwa intaneti ya hotelini anahitaji kinga hiyo. Isitoshe, kuandikisha VPN pamoja na anwani yake ni kuondoa sehemu kubwa ya faragha ambayo mtu aliitafuta kwayo.

Ujue pia mipaka yake. Ukiwa na VPN, kampuni ya simu huona kwamba umeunganishwa na VPN lakini haioni unatembelea nini. Badala yake mwenye VPN ndiye anayeona, na zile za bure mara nyingi huishi kwa kuuza anachokiona. Tena VPN haitengenezi intaneti mahali ambapo haipo. Mtandao wa X ulipofungwa mwezi Mei 2025 wengi waliupata kwa njia hiyo, lakini intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, hadi ilipoanza kurejea tarehe 3 Novemba, VPN haikumsaidia mnunuzi wa parachichi wala mtu mwingine yeyote.

SWALI: Nimestaafu ualimu, naishi Mafinga. Watoto wangu wananikataza kuweka kila kitu kwenye simu. Mimi sina cha kuficha, na kama Serikali ikifuatilia mtandao iwakamate matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii", naona ni heri. Je, nakosea? *Mwalimu mstaafu, Mafinga.*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kuhusu matapeli hukosei. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza tarehe 1 Mei 2019, na kufikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, ulikusudiwa kuwabana watu hao. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, itume namba yao kwenda 15040. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu zipo za watu wengine zilizosajiliwa kwa majina ya wazee bila wao kujua.

Lakini neno lako la "sina cha kuficha" naomba tulitazame kutoka hapa hapa tulipo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba Njombe ndiyo iliyoongoza nchini kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, ikifuatiwa na Iringa kwa 11.1 na Mbeya kwa 9.6. Mwalimu, unawafahamu watu hao. Umewafundisha, mnasali pamoja, mmekaa nao vikao vya harusi. Wengi wanatumia dawa vizuri na wana afya njema, na wapo wanaopanda basi kutoka Mafinga kwenda kliniki ya Iringa mjini, na kuipita hospitali iliyo jirani, ili wasionekane na majirani wanapochukua dawa. Hawajatenda kosa lolote. Wanaficha jambo ambalo ni lao, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 yenyewe inawalindia siri hiyo.

Sasa chukua rekodi za laini ya mmoja wao, bila neno hata moja la maongezi yake. Kila baada ya miezi kadhaa laini inatoka Mafinga alfajiri, inaonekana kwenye mnara wa karibu na hospitali ile ile hadi saa sita, inarudi. Siku mbili kabla ilipokea simu kutoka namba ya muuguzi. Laini imesajiliwa kwa NIDA, kwa hiyo jina, picha na kidole vipo. Aliyeshika rekodi hiyo ameshajua siri ambayo mwenyewe hajamwambia hata dada yake.

Na anayeishika ni mtu kama sisi. Ni mtumishi wa kampuni ya simu, ni askari wa kituo, ni karani wa ofisi. Ana shemeji, ana jirani, pengine anatokea kijiji kimoja na mwenye siri. Kwa hiyo, Mwalimu, mtu asiye na cha kuficha anapokubali kwamba rekodi zifunguliwe bila kibali cha hakimu, anakubali kwa niaba ya mtu wa Mafinga anayepanda basi alfajiri. Matapeli wanaweza kukamatwa vizuri tu kwa amri ya mahakama inayotaja namba zao.

SWALI: Mtu nisiyemjua alinipigia akanitajia namba yangu ya NIDA na jina la shule ya mwanangu. Taarifa hizo pamoja nilikuwa nimeziandika mahali pamoja tu, kwenye fomu niliyopeleka ofisi moja ya umma. Nasikia kuna sheria mpya ya taarifa binafsi. Je, inaihusu Serikali pia, na nilalamike wapi? *Mama, Tukuyu.*

JIBU: Mama, pole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa na Bunge Novemba 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihusu taasisi za umma pamoja na za binafsi. Inakupa haki ya kuuliza ofisi hiyo ina taarifa zako zipi, inazitumia kwa kazi gani na imempa nani; haki ya kutaka zisahihishwe; na haki ya kudai fidia ukidhurika. Msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye makao makuu Dodoma, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba shughuli za usalama wa taifa na za kuzuia uhalifu zimewekewa misamaha mipana, na viongozi wakuu wa Tume huteuliwa na Rais, jambo linalofanya iwe vigumu kwao kuzikemea ofisi kubwa za Serikali. Lakini shauri lako halina usalama wa taifa ndani yake. Ni fomu iliyotunzwa vibaya au kuuzwa, na Tume haina kisingizio cha kutokulipokea.

Anza na ofisi yenyewe. Andika barua ukitaja tarehe uliyopeleka fomu, tarehe na saa uliyopigiwa, na namba iliyokupigia, kisha uliza waziwazi nani aliifikia fomu yako. Wasipokujibu, au wakijibu kwa mkato, peleka malalamiko kwa Tume kwa maandishi pamoja na nakala ya barua hiyo, ikiwa imepigwa muhuri wa mapokezi wa ofisi siku ulipoipeleka. Bila muhuri huo watakuambia hawakuipokea.